Meli Iliyokufa Kwenye Karatasi

Jumanne, 4 Novemba

Kirandeep wa chama cha mabaharia ameniambia nianze kuandika. "Kila simu, kila ujumbe, na tarehe yake," alisema. "Iko siku mtu atauliza nani alijua nini, na lini." Nimenunua daftari duka la kona, la jalada jekundu, na hili ndilo neno la kwanza ndani yake.

Naitwa Fartun. Nilizaliwa Garissa, nikakulia Mombasa, sasa naishi Aston na mume wangu Abdow na binti yetu Leyla. Kazi yangu iko Nechells, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Ndugu yangu Mahamud, kitinda mimba wa mama yetu, ni fundi wa injini kwenye meli ya kubeba mbuzi na kondoo iitwayo Nuur Bahri.

Tangu tarehe 11 Agosti meli hiyo imetia nanga Bahari ya Shamu, maili mbili kutoka bandari ambayo Mahamud ameniomba nisiitaje. Mifugo ilishushwa. Nahodha naye alishuka akisema anakwenda kuonana na mwenye meli, na hajarudi mpaka leo. Watu saba wamebaki. Pasi zao ziko ofisi ya bandari. Sheria ya pale ni kwamba meli haiachwi bila watu, kwa hiyo hawashuki mpaka mwenye meli alete wengine wa kuwapokea. Mwenye meli hapokei simu.

Hiyo ndiyo habari yote. Imetosha nusu ukurasa.

Jumapili, 9 Novemba

Mvua. Hakuna ujumbe.

Jumatatu, 10 Novemba

Ujumbe wa sauti wa Mahamud, dakika moja na nusu. Wanachaji simu moja kwa taa ya jua iliyotolewa kwenye mashua ya kuokolea, zamu kwa zamu.

"Dada, maji ya tangi yamekuwa rangi ya chai. Tunayachuja kwa fulana. Mzee Ruben anasema tukiweka limau hatutaona tofauti, lakini limau lenyewe liko wapi? Usimwambie mama."

Mzee Ruben ndiye mpishi. Mkongo wa Butembo aliyehamia Likoni miaka mingi iliyopita, na sauti yake huwa nyuma ya kila ujumbe, akiimba au akigombana na sufuria. Nimeipenda sauti hiyo bila kumjua mwenyewe.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimempigia Saido. Ni binti wa mjomba wetu, ana ofisi ya kuwatafutia mabaharia kazi pale Mombasa, naye ndiye aliyempeleka Mahamud kwenye meli hiyo. Alinijibu kwa upole.

"Fartun dada yangu, tulia. Meli ni nzima, ya mwaka sabini na tisa. Mwenyewe anashughulikia. Wiki mbili tu."

Nikashukuru. Nikalia kidogo kwa faraja. Abdow alikuwa anakula, akasema, "Atarudi tu," akaongeza pilipili kwenye wali. Abdow anaendesha basi, na maneno yake ni kama ya tangazo la kituoni: machache, na hayamlengi mtu. Zamani nilidhani ni utulivu. Siku hizi nadhani ni ubaridi.

Jumapili, 16 Novemba

Jambo ambalo Kirandeep halihitaji, lakini nitaliandika. Mwezi wa nne Mahamud alinipigia. Alitaka nimsaidie aje huku. Nikamwambia asubiri, nyumba ni ndogo, Leyla ana mitihani. Akasema, "Sawa dada, hakuna neno." Baada ya wiki tatu alikuwa kwenye meli.

Jumamosi, 22 Novemba

Kirandeep amepiga na habari mbaya. Nambari iliyopakwa rangi kwenye tezi, nyuma ya Nuur Bahri, si yake. Ni ya meli ndogo ya mafuta ambayo hivi sasa inaendelea na safari zake upande mwingine wa dunia. Nchi ambayo bendera yake inapepea juu ya vichwa vya akina Mahamud inasema haijapata kuisikia meli hiyo.

"Bila kujua ni meli gani," alisema, "sina mwenyewe wa kumshitaki, sina bima ya kuigongea mlango. Mwambie ndugu yako apige picha kila kitu chenye maandishi ya chuma. Vibao, injini, mabomba."

Nimempelekea ujumbe. Nikazunguka nyumba nzima nikipanga vitu ambavyo vilikuwa vimepangika.

Jumatano, 26 Novemba

Picha kumi na nne. Nilizifungua kazini, wakati wa chai, ambako simu haziruhusiwi, na Mzee Jagjit akanikuta.

Mzee Jagjit ni fundi wa mashine zetu. Ana miaka sitini na tisa, Kalasinga aliyezaliwa Kisumu, akaja huku akiwa na miaka kumi na minne, na Kiswahili chake kimebaki pale pale kilipokuwa siku hiyo. Nilikuwa namkwepa. Akikushika na hadithi ya Kisumu chai inapoa. Leo aliinama juu ya bega langu, akaona picha ya koki ya shaba iliyojaa kutu ya kijani, na akaweka kikombe chake chini.

"Mama, hii umetoa wapi?"

"Kwenye meli ya ndugu yangu. Wanasema ni ya mwaka sabini na tisa."

"Kuza kidogo. Soma hapo." Herufi zilikuwa zimefutika nusu: HADLEY & SORRELL, ASTON, 1944. "Hii koki hapana sema uongo, mama. Hii natengenezwa hapa Aston! Mimi nafanya kazi hapo miaka sita mbele ya kiwanda kufungwa. Wakati ya vita wao natengeneza ya manowari tu. Nani nakwambia hii meli ya sabini na tisa?"

Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama kati ya vikapu vya mashuka. Hakunikatiza hata mara moja.

Jumatano, 3 Desemba

Mahamud amekwangua rangi kwenye omo, mbele ya meli, kwa siku mbili, akining'inia kwa kamba. Chini ya tabaka saba amekuta nambari iliyochomelewa kwa chuma: 3561. Amesema omo yenyewe ni ya ajabu. Ni butu kama pua ya ng'ombe, na ina mstari katikati, kama milango miwili iliyochomelewa ikafungwa.

Jagjit alipoona picha hiyo alisema neno moja, "Vifaru."

Jumamosi, 6 Desemba

Tumekwenda maktaba kuu ya mjini, mimi na Mzee Jagjit. Alivaa tai. Tulikaa tangu saa nne asubuhi mpaka walipotaka kufunga, yeye kwenye vitabu, mimi kwenye kompyuta, na haya ndiyo tuliyoyapata. Nayaandika kama yalivyo kwa ajili ya Kirandeep.

Ni meli ya kushushia vifaru vya vita. Iliundwa kwenye mto wa kaskazini mwa Uingereza, ikaingia majini Januari 1945. Haikupewa jina, ilipewa nambari tu. Vita vya Ulaya vikaisha kabla haijabeba chochote, ikatumwa Mashariki. Septemba mwaka huo ilishusha magari na askari kwenye fukwe za Malaya, siku chache baada ya Wajapani kusalimu amri. Mwaka 1946 ilirudisha askari wa KAR, Waafrika wa jeshi la Mwingereza, kutoka Burma hadi Mombasa, mia tatu na kitu, waliolala kwenye sitaha ya vifaru kwa siku kumi na tisa. Daktari wao aliandika kwamba walishuka Kilindini wakiimba. Ikafungwa kamba mtoni miaka sita. Ikauzwa, ikabeba mchanga. Ikauzwa, ikabeba magari kati ya visiwa. Milango ikachomelewa, injini za mvuke zikatolewa, zikawekwa za dizeli. Mwaka 1983 ikajengewa mazizi ghorofa tatu. Ikauzwa. Ikauzwa. Majina sita.

Mstari wa mwisho unasema: imevunjwa, 2009.

Niliusoma mara nyingi. Jagjit akavua miwani akaifuta kwa tai.

"Kwa karatasi nakufa, mama," alisema. "Mtu nanunua chuma ya kuvunja, havunji. Napaka rangi, nabandika nambari ya mwingine."

Tulitoka maktaba. Uwanja ulikuwa umejaa taa za soko la Krismasi na watu wenye soseji mikononi.

Jumamosi, 13 Desemba

Kirandeep amethibitisha. Kampuni iliyoinunua 2009 ilifutwa 2010. Hakuna mwenyewe, hakuna bima. "Unatafuta haki ya maiti," nilimwambia. Hakunipinga. Ataendelea kuwaandikia wa bandari kila siku. Nimeanza kumheshimu mwanamke huyo kwa sababu haniambii nitulie.

Jumamosi, 20 Desemba

Saido. Nimemsomea historia yote, mwaka kwa mwaka.

"Nilijua ni kuukuu," alisema hatimaye. "Kuukuu hivyo sikujua. Lakini Fartun, vijana hamsini wanakaa kwenye ngazi za ofisi yangu kila asubuhi. Nani alikuwa na meli mpya ya kuwapa? Wewe ulikuwa nayo?"

Nikakata simu. Ningemtukana, lakini ni mimi niliyemwambia Mahamud asubiri. Baadaye nilipojaribu tena nilikuta amenifungia.

Alhamisi, 25 Desemba

Mabasi hayatembei, Abdow yuko nyumbani. Mahamud: wamekula wali mtupu siku ya tisa. Ofisa wa kwanza, Mmisri, haongei tena, anakaa tu kwenye kiti cha nahodha. Maji yanaingia omo. Kidogo, amesema, kama kwapa linavyotoka jasho.

Ijumaa, 2 Januari

Theluji nyembamba. Mzee Ruben mgonjwa. Ana sukari, na dawa zake zimekwisha tangu Novemba. Hakuwa amemwambia mtu.

Jumatano, 7 Januari

Mguu wa Mzee Ruben umevimba mpaka gotini. Wamewaita watu wa bandari kwa redio mara nane. Jibu: andikeni kwa wakala wa meli. Wakala wa meli ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoweka.

Kirandeep amewapigia ubalozi, hospitali, msikiti, na shirika moja la makanisa. Mimi nimepiga ofisi ya bandari kutoka chumba cha mashuka machafu, ambako hakuna mtu anayependa kuingia. Yule wa simu alikuwa na adabu sana. Aliniuliza mara tatu nambari ya meli.

Jumapili, 11 Januari

Mzee Ruben amefariki saa tano asubuhi.

Mahamud alinipigia, simu halisi, si ujumbe. Nilisikia mtu nyuma yake akisoma dua na mwingine akisema Baba Yetu, kwa pamoja, wakipishana. Kisha akasema, "Dada, ameniomba uji. Wa ulezi. Alijua hatuna, lakini aliniomba kama mtu anayemwomba mama yake. Nikamwambia ngoja napika. Nikaenda jikoni nikasimama tu. Niliporudi..."

Nilikuwa jikoni kwangu. Nilishika ukingo wa sinki. Leyla aliingia, akaniangalia, akauliza kwa Kiingereza kama mjomba naye atakufa. Abdow akamshika mtoto mkono, akamtoa nje, kisha akarudi, akasimama karibu nami bila kunigusa, na alikuwa analia. Miaka kumi na nane ya ndoa sijawahi kuona.

"Kuna mke," Mahamud alisema. "Mama Sagesse, yuko Likoni. Mimi siwezi, dada."

Nikampigia mimi. Nilianza kwa salamu, na alijua kabla sijamaliza. Watu wanaosubiri wanajua. Alisema, "Asante kwa kunipigia mwenyewe," kwa sauti ya mtu anayemshukuru mgeni kwa kuja, kisha simu ikaanguka nikasikia nyumba nzima.

Jumatano, 14 Januari

Boti ya bandari imekwenda, siku ya tatu, kuchukua mwili. Mahamud na wenzake waliomba wamsindikize wakamzike. Wakakataliwa. Maiti aliruhusiwa kushuka, walio hai hawakuruhusiwa.

Naandika hili kwa kalamu nyekundu ili Kirandeep asilipite.

Jumamosi, 24 Januari

Maji ndani ya omo yamefika magotini. Mabati ni membamba mno, Mahamud anasema akigonga kwa nyundo inazama kama kwenye mkate. Pampu haina dizeli ya kupoteza. Meli imeinama mbele. Ikizama, mashua ya kuokolea ina tundu ambalo mkono unapita.

Jumamosi, 31 Januari

Mzee Jagjit amekuja nyumbani kutoka Perry Barr, kwa basi, na bahasha chini ya koti. Hakukubali chai kwanza, nikajua ni jambo zito.

"Mama, mimi nasoma tena ile kitu yote. Sisi natafuta mwenyewe, mwenyewe, mwenyewe. Iko ujinga. Hii meli nafanya kazi gani?"

"Kubeba vifaru."

"Kubeba, ndiyo. Halafu nafanya nini?" Akaweka karatasi mezani. Ilikuwa kumbukumbu ya baharia mmoja wa wakati ule, iliyoandikwa kwa wajukuu wake. Alieleza kwamba meli hizi tumbo lake ni bapa. Hazikuhitaji gati. Nahodha alitoa maji kwenye matangi ya mbele ili omo iwe nyepesi, akaielekeza ufukweni, akaidondosha nanga ya tezi nyuma, na akaenda mbele kwa nguvu mpaka ikapanda mchanga. Wakashuka. Walifanya hivyo mara nyingi, ndivyo ilivyoundwa.

Abdow alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya kazi. "Unasema waipweleze? Waipandishe mchangani makusudi?"

"Nasema hii ndiyo meli peke yake duniani hapana ogopa mchanga."

Jumapili, 1 Februari

Tumegombana, mimi na Abdow, tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Anasema pwani ya kule nimeiona kwenye ramani, yeye ameiona kwa macho. Alifanya kazi Jeddah miaka mitano. "Kuna mchanga na kuna matumbawe, mama Leyla. Ikipanda matumbawe itafunguka kama kopo. Na ukimwambia aende, akafa, utakuwa wewe uliyemwambia. Utaweza kuishi na hilo?"

"Na nikinyamaza akazama?"

"Hapo atakuwa ameuliwa na wengine."

Nilimwambia maneno mabaya. Nilimwambia ana moyo wa baridi kama usukani asubuhi. Alichukua funguo zake akaondoka.

Jumanne, 3 Februari

Nimemuuliza Kirandeep. Akasema, "Watakamatwa. Kuharibu meli, kuingia nchi bila ruhusa. Na madai yao yote yanaweza kupotea. Kazi yangu ni kukwambia hivyo." Halafu: "Sijasikia ulichoniuliza, Fartun. Lakini bado uko kwenye simu, na mimi bado niko."

Ujumbe wa Mahamud: maji kiunoni. Amekuwa na sauti ya mzee.

Alhamisi, 5 Februari

Abdow aliingia na karatasi mkononi, hakuvua hata koti. Siku nne hizi, kila mapumziko ya zamu, amekuwa akikaa kwenye basi tupu akipiga simu, kwa Kiarabu chake cha Jeddah. Alianza na mtu aliyewahi kufanya naye kazi, huyo akampa mwingine, mpaka akampata mvuvi anayepita karibu na meli ya akina Mahamud kila wiki. Mvuvi anaijua. Wamewahi kuwarushia samaki.

"Kusini ya bandari," Abdow alisoma, "kuna mnara mweupe wa maji. Kati ya mnara na kibanda cha walinzi wa pwani ni mchanga mtupu, hatua mia nne. Kulia kwake matumbawe, kushoto matumbawe. Upepo wa asubuhi unavuma kuelekea nchi kavu." Akaikunja karatasi akanipa. "Ukimwambia, mwambie na hili. Na mwambie ni mimi niliyesema, si wewe."

Nilikuwa nimeolewa na mtu huyu na sikumjua.

Jumamosi, 7 Februari

Nimemwambia Mahamud. Sikumficha kitu: matumbawe, polisi, kila kitu. Nikamwambia, "Mimi sikuamrishi, Mahamud. Ulipoomba kuja nilikuwa na neno moja tu, subiri. Leo sina hilo neno."

Alicheka kidogo. Ni mara ya kwanza tangu Novemba.

"Dada, mimi niko ndani ya hii meli miezi kumi na sikujua ni kitu gani. Nilidhani ni zizi."

Jumapili, 8 Februari

Wanateka maji omo kwa ndoo. Watu sita, mnyororo mmoja. Jagjit anawaongoza kwa ujumbe mfupi mfupi: mbele lazima iwe nyepesi, kila kizito kipelekwe nyuma. Wameng'oa vyuma vya mazizi wakavikokota hadi tezi. Mmisri ameinuka kwenye kiti chake. Amesema usukani ni kazi yake.

Jumatatu, 9 Februari

Ndoo. Mikono imechubuka. Dizeli waliyokwangua kwenye matangi yote inatosha injini moja, dakika ishirini na tano, labda.

Jumanne, 10 Februari

Zamu yangu ilianza saa kumi na mbili asubuhi. Kule kwao ilikuwa saa tatu. Nilipakia mashuka kwenye mashine namba nne, na mikono yangu ilijua kazi bila mimi. Saa kumi na mbili na dakika kumi Mzee Jagjit akatokea kwenye mlango wa karakana yake akanipungia, mbele ya msimamizi na watu wote. Nikaacha kikapu katikati ya njia nikaenda. Hakuna aliyenizuia.

Simu ilikuwa juu ya meza yake ya kazi, kati ya spana. Mahamud alikuwa ameiacha wazi mfukoni mwake. Tulisikia injini ikikohoa, ikakataa. Ikakohoa tena, ikashika. Mtu akapiga takbiri. Kisha Mahamud, akipiga kelele kuelekea juu, "Tumekata nanga! Imekatika!"

Halafu dakika nyingi za kelele za chuma tu. Jagjit alikuwa anahesabu kwa kidole kwenye saa ya ukutani. Dakika tisa. Kumi na tatu. Nilisoma kila nilichokuwa nakijua cha kusoma, nikakirudia. Dakika ya kumi na nane injini ikazima.

"Imekwisha," Mahamud alisema, karibu kabisa na simu, kama anayejisemea. "Dizeli imekwisha."

"Upepo," Jagjit aliiambia simu. "Iko upepo, kijana. Acha yeye namsukuma."

Sijui kama alisikia. Kimya kile kilikuwa na mabati yanayolia ndani yake na maji. Mmisri alikuwa anapaza sauti kwa Kiarabu neno lile lile, na baadaye Abdow aliniambia lilikuwa "mnara, mnara." Kisha ukaja mlio ambao sitausahau, mrefu, kama shuka kubwa linalochanwa polepole, na simu ikaanguka, na mtu akapiga ukelele, na mlio ukaendelea, ukaendelea, ukakoma.

Hakuna kitu. Nilimshika Jagjit mkono wa koti.

"Dada."

Alikuwa anahema.

"Dada, imesimama. Imepanda. Hapa mbele naona mchanga chini ya maji. Naona mpaka kaa."

Jagjit alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavua miwani. Mimi nilirudi kwenye mashine namba nne kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Nilikunja mashuka nikilia, na wenzangu wakanipokonya moja moja.

Walishuka kwa ngazi ya kamba, maji yakawafika kifuani, wakatembea. Watu sita. Walinzi wa pwani waliwasubiri ufukweni na bunduki, na blanketi.

Alhamisi, 12 Februari

Wako kizuizini, kwenye ghala la forodha. Wanapewa chakula mara mbili. Kirandeep ametafuta wakili. Anasema kesi inaweza kuchukua miezi, au inaweza kufutwa, kwa sababu hakuna anayejitokeza kudai kwamba meli ni yake. Ofisi ya bandari imemuuliza kama sisi tunamjua mwenyewe.

Saido amenifungulia. Ameandika: "Nimesikia. Alhamdulillahi. Nisamehe." Sijajibu. Sijui kama nitajibu.

Jumanne, 17 Februari

Kesho au keshokutwa Ramadhani. Abdow ameleta tende.

Nilimpigia Mama Sagesse nimweleze kwamba wenzake Ruben wamefika nchi kavu. Niliogopa simu hii kuliko ile ya kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema amefurahi, na nadhani ni kweli. Kisha akauliza, "Na yeye walimuzika wapi?"

Sikuwa najua. Mwezi mzima nilikuwa nimeandika kila kitu na sikuwa nimeuliza hilo.

Mahamud akamuuliza mlinzi, mlinzi akamuuliza mkubwa wake, na jana, baada ya siku tatu za kuomba, wakampeleka na pingu mkono mmoja. Ni makaburi ya wageni, nyuma ya barabara ya lori. Kuna kibati tu. Kimeandikwa: Baharia, Nuur Bahri. Jina la meli ambayo haipo, basi.

Nikamwambia Mama Sagesse hivyo hivyo, bila kupunguza. Alikohoa.

"Mwambie Mahamud aandike jina yake," alisema. "Ruben Kasereka. K-A-S-E-R-E-K-A. Watu banakoseaka."

Leo wamempeleka tena, na saa nane Mahamud ametuma picha. Hawakumpa rangi, kwa hiyo amelikwaruza kwa msumari juu ya lile la meli, herufi kubwa, zimepinda kidogo upande wa kulia kwa sababu ya pingu. Nimezikagua moja moja kabla ya kumpelekea Mama Sagesse. Hakuna iliyokosewa.